Jembe na Moyo: Habari za Bustani Zilizotuliza Watu



Tukiulizwa bustani ya nyumbani ni ya nini, wengi wetu tutajibu upesi: ni ya chakula. Mama hupanda lenga-lenga na matembele nyuma ya nyumba ili sufuria isikose kitu. Jibu hilo ni la kweli, lakini si lote. Tangu zamani watu wameona kwamba bustani hulisha kitu kingine tena, nacho ni moyo wa mwenye kuilima.

Jambo hili latuhusu sana siku hizi. Katika miji yetu nyumba zimesongamana, na wengi walioacha mashamba yao kwa sababu ya vita wanaishi katika chumba kimoja, au chini ya hema. Sisi makatekista tunaowatembelea wagonjwa na wakimbizi twajua malalamiko yao. Huyu asema usingizi umemkimbia. Yule asema anaketi tangu asubuhi hata jioni akiutazama ukuta, na chakula hakina ladha. Hana homa, wala hana jeraha, lakini anaumwa. Je, wazee waliotutangulia walifanya nini walipoona ugonjwa wa namna hiyo? Natufuate habari zao hatua kwa hatua.

Watawa wa jangwani

Tuanze Misri. Mtakatifu Antoni, aliyekufa mwaka 356, aliishi miaka mingi peke yake jangwani. Mtakatifu Atanasi, askofu wa Aleksandria, ndiye aliyeandika maisha yake. Anatueleza kwamba Antoni alipokaa kwenye mlima wa ndani kabisa, watu walikuwa wakimletea mkate kutoka mbali kwa taabu nyingi. Yeye hakupenda kuwachosha. Akawaomba wamletee jembe, shoka na nafaka kidogo, akatafuta mahali penye maji, akalima. Baadaye akapanda na mboga, ili wageni wanaofika wamechoka wapate kitu cha kuwaburudisha.

Lakini watawa wale walijua pia adui mwingine, si njaa. Evagrio, mtawa mwenye elimu aliyekufa mwaka 399, alieleza habari za adui huyo kwa ufundi sana. Alisema kwamba saa za mchana mtawa huona kama jua limesimama. Huchungulia dirishani mara kwa mara. Huchukia chumba chake, huchukia kazi yake, hudhani kwamba hakuna ndugu anayempenda tena. Kwa Kigiriki waliita hali hiyo akedia. Sisi twaweza kusema: uchovu wa moyo.

Antoni mwenyewe aliupata. Wazee wa jangwani walisimulia kwamba siku moja, alipokuwa amelemewa na mawazo, alimwona mtu ameketi akisuka kamba. Mtu yule aliacha kusuka, akasimama kusali, kisha akaketi tena kusuka. Antoni akafahamu: kazi ya mikono na sala zifuatane, ndipo moyo hupata nafuu. Basi watawa hawakulima kwa ajili ya tumbo tu. Waliona kwamba mikono ikilala kabisa, mawazo hugeuka kuwa mzigo.

Bustani ndani ya kuta za monasteri

Ulaya watawa wa Mtakatifu Benedikto waliendelea na desturi hiyo. Kanuni yao, iliyoandikwa katika karne ya 6, yagawanya siku kwa sala, masomo na kazi ya mikono. Mpaka leo ipo ramani moja ya zamani sana, iliyochorwa yapata mwaka 820 hivi kwenye monasteri ya Reichenau, kwa ajili ya abati wa Sankt Gallen, katika nchi inayoitwa sasa Uswisi. Inaonyesha jinsi monasteri nzuri inavyofaa kupangwa.

Tukiitazama ramani hiyo, twaona bustani zaidi ya moja. Ipo bustani ya mboga yenye matuta 18. Ipo bustani ya dawa yenye matuta 16, nayo imewekwa karibu na nyumba ya mganga na nyumba ya wagonjwa. Tena makaburi ya watawa yamepangwa katikati ya miti ya matunda. Maana yake, hata mwenye kuomboleza atatembea kwenye kivuli, na mti utachanua juu ya kaburi la ndugu yake.

Huko huko Reichenau aliishi abati Walafrid Strabo, aliyezama mtoni Loire mwaka 849. Huyu aliandika shairi zima kuhusu bustani yake, akitaja mimea zaidi ya 20. Alikuwa mwalimu wa mtoto wa mfalme, mtu wa vitabu. Lakini hakuona aibu kueleza jinsi alivyong'oa upupu wa bustanini kwa mikono yake mwenyewe. Leo wako wasomi wadogo wanaoona haya kushika jembe mbele ya majirani. Nawamkumbuke Walafrid.

Hospitali zilizofungua milango

Tufike sasa kwa wale waliougua akili hasa. Katika nchi nyingi walifungwa kwa minyororo na kufichwa gizani. Lakini hata zamani hizo walikuwako wenye huruma. Mwaka 1425, katika mji wa Zaragoza, Hispania, mfalme Alfonso wa Tano wa Aragón alianzisha hospitali ya Bikira Maria wa Neema, iliyopokea na wagonjwa wa akili. Wengi wao walipewa kazi: wengine nyumbani, wengine mashambani na kwenye bustani za mizabibu na mizeituni.

Habari za hospitali hiyo zilimfikia Philippe Pinel, mganga mkuu wa Ufaransa, aliyejulikana kwa kuwatetea wagonjwa wa akili. Katika kitabu chake cha mwaka 1801 aliisifu Zaragoza. Aliandika kwamba wagonjwa waliotoka kila asubuhi kwenda kulima walipata nafuu, lakini watu wa ukoo bora, walioona kazi ya mikono kuwa dharau kwao, walibaki na wazimu wao. Yaani utajiri wao uliwanyima dawa.

Miaka hiyo hiyo, katika mji wa York, Uingereza, mfanyabiashara wa chai aliyeitwa William Tuke alihuzunishwa na kifo cha mwanamke mmoja katika nyumba ya wagonjwa wa akili mwaka 1790. Tuke na wenzake wa jamii ya Wakwekeri wakajenga nyumba nyingine, wakaifungua mwaka 1796. Waliizungushia bustani na mashamba. Katika nyua zake waliweka sungura na kuku, ili mgonjwa awe na kiumbe kidogo cha kutunza. Angalieni hekima hiyo: mtu aliyezoea kutunzwa tu kama mzigo, sasa ameaminiwa atunze mwingine.

Mji wa Geel

Mfano mkubwa kuliko yote watoka Ubelgiji, katika mji wa Geel. Watu husimulia kwamba mtakatifu Dimfna, binti wa mfalme kutoka Irlandi, aliuawa pale zamani na baba yake mwenyewe aliyepatwa na wazimu. Wagonjwa wa akili na jamaa zao wakaanza kuhiji kwenye kanisa lake. Wakawa wengi hata nyumba ya wagonjwa karibu na kanisa ikajaa. Basi wakulima wa Geel wakaanza kuwapokea majumbani mwao.

Mwanzoni labda walifikiri ni kwa siku chache. Lakini desturi hiyo imedumu miaka mamia. Mgonjwa alikula mezani pamoja na watoto wa nyumba, akaenda shambani pamoja na baba, akapalilia bustani pamoja na mama. Mwaka 1850 serikali ya Ubelgiji ilichukua usimamizi, lakini wenye kuwapokea walibaki familia zile zile. Mwaka 1938 wagonjwa waliokaa katika familia za Geel walizidi 3,700. Tangu hapo wamepungua sana, lakini desturi haijafa.

Wazee wetu wana methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kumfukuza mgeni mvivu. Lakini iko maana nyingine ndani yake. Siku mtu anapopewa jembe, siku hiyo si mgeni tena. Amekuwa mtu wa nyumba. Hiyo ndiyo dawa ya Geel. Kumpa mgonjwa jembe maana yake ni kumwambia: tunakuhitaji.

Padri Lemire na kipande cha ardhi

Katika karne ya 19 ikaja taabu mpya. Watu wa Ulaya waliacha vijiji wakaingia katika miji ya viwanda na migodi. Nyumba zilikuwa finyu, moshi ulijaa hewani, na mshahara wa wiki uliishia baani. Papa Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alitetea haki ya mfanyakazi kujipatia mali yake ndogo, hata kipande cha ardhi, akionyesha kwamba mtu hupenda sana ardhi anayoilima kwa mikono yake.

Wakristo kadhaa wa Ufaransa wakaanza kutenda. Katika mji wa Sedan, Bibi Félicie Hervieu alizipatia familia maskini viwanja vya kulima badala ya sadaka tu. Katika mji wa migodi wa Saint-Étienne, Padri Volpette, Mjesuiti, alifanya vivyo hivyo kwa wachimbaji wa makaa. Tena mwaka 1896 Padri Jules Lemire wa Hazebrouck, aliyekuwa pia mbunge, alianzisha chama cha kuwapatia watu kipande cha ardhi na nyumba.

Lemire alikuwa mtoto wa wakulima. Bungeni alikuwa amejeruhiwa mwaka 1893, mtu mmoja alipotupa bomu kati ya wabunge. Lakini hakuacha kuwatetea wadogo. Alitaka kila familia ya mfanyakazi iwe na mahali ambapo baba atashika jembe jioni, mama atapumua hewa safi, na watoto watacheza bila hatari. Aliona kwamba bustani inamrudisha baba nyumbani. Mchimbaji aliyekaa gizani kutwa nzima anatamani kuona kitu kibichi kinachoota. Asipokipata, atatafuta furaha kwenye chupa.

Tena Lemire alifahamu neno jingine: mtu hawezi kutulia juu ya ardhi ambayo atanyang'anywa kesho. Kwa hiyo alipigania sheria, ikapatikana mwaka 1909, iliyowezesha familia kuilinda nyumba yake na ardhi yake ndogo, wadai wasiichukue kwa ajili ya deni. Baadaye bustani hizo za wafanyakazi zikaitwa bustani za familia, na mpaka leo ziko kando ya miji mingi ya Ufaransa na Ubelgiji.

Si kila jembe linatuliza

Hapa lazima tusimame kidogo, tusije tukadanganyana. Je, kulima kunatuliza moyo sikuzote? Waulizeni wazee wa Kongo.

Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ilianza kuwalazimisha wanakijiji wetu kulima mazao iliyoyachagua yenyewe, hasa pamba. Mwaka 1942, wakati wa vita, siku za kazi za lazima zikaongezwa hata kufika 120 kwa mwaka. Aliyekataa alitiwa gerezani au alipigwa fimbo. Shamba lilikuwa la kijani, jua lilikuwa lile lile, jembe lilikuwa lile lile. Lakini moyo haukupona, uliumia. Katika vijiji vingi jina la pamba lilibaki chungu kwa muda mrefu.

Hata hospitali ziliangukia kosa hilo. Mfano wa Zaragoza na York uliigwa na hospitali kubwa za wagonjwa wa akili huko Ulaya na Marekani, kila moja na shamba lake. Pole pole wasimamizi wakaanza kuhesabu magunia kuliko kuhesabu waliopona. Mgonjwa mwenye nguvu akawa mfanyakazi asiyelipwa, na pengine hakuruhusiwa kwenda nyumbani upesi. Mwaka 1973 hakimu mmoja wa Marekani aliamua kwamba sheria ya mishahara inawahusu na wagonjwa wanaofanya kazi katika hospitali za namna hiyo.

Basi twajifunza nini? Udongo peke yake si dawa. Bustani inayotuliza ina mambo matatu: mtu ameingia kwa hiari yake, matunda ya jasho lake ni yake na ya wapendwa wake, na kipimo cha kazi kinafuata nguvu zake. Ukiondoa hayo matatu, imebaki kazi ya utumwa yenye majani.

Wataalamu wa siku zetu

Mambo hayo ambayo wazee waliyaona kwa macho, wataalamu wameanza kuyapima. Mwaka 1984 Roger Ulrich wa Marekani alitangaza uchunguzi wake katika hospitali moja ya Pennsylvania. Alisoma habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa mfuko wa nyongo kati ya 1972 na 1981. Nusu yao, watu 23, walilala karibu na dirisha lenye kuonyesha miti. Wengine 23 waliona ukuta wa matofali tu. Wale wa miti walitoka hospitalini mapema zaidi, karibu siku 8 kwa wastani, na wale wa ukuta karibu siku 8 na robo tatu. Tena waliomba dawa kali za maumivu mara chache zaidi, na wauguzi waliandika malalamiko machache juu yao. Tofauti si kubwa sana. Lakini fikirini: mti haukugharimu hata franga moja, wala haukufanya kazi yoyote isipokuwa kusimama pale.

Mwaka 2017 wataalamu watatu, Soga, Gaston na Yamaura, walikusanya pamoja matokeo ya machunguzi 22 juu ya kulima bustani. Kwa jumla waliona kwamba wenye kulima walipungukiwa na huzuni na wasiwasi, wakaongezeka katika kuridhika na maisha. Machunguzi mengi ya namna hiyo ni ya watu wachache, kwa hiyo tusiyageuze kuwa muujiza. Lakini yanaelekea upande ule ule waliouona watawa wa jangwani.

Na kwa nini iwe hivyo? Sababu si za uchawi. Mwenye bustani hutembea, huinama, hupata jua la asubuhi, na jioni mwili uliochoka unaukaribisha usingizi. Tena bustani humtoa mtu katika mawazo yake: magugu hayangoji, na kumwagilia ni leo. Tena humfundisha kungoja. Mtu aliyepoteza yote huona kama kesho haipo; lakini aliyepanda mbegu leo tayari ana miadi na wiki ijayo.

Na sisi je?

Msomaji mwingine atasema: Maneno mazuri, lakini mimi sina ardhi. Kweli, lupango wa mjini ni mdogo. Lakini gunia kuukuu lililojazwa udongo na mbolea laweza kubeba mboga mlangoni. Beseni lililotoboka laweza kubeba vitunguu. Lenga-lenga huanza kuvunwa baada ya wiki tatu au nne. Hivyo anayeanza hangoji sana kabla ya kuona faida. Tena tusidharau maua. Mmoja akipanda ua mbele ya nyumba, wapita njia wote wanafaidika bila kulipa.

Parokia nazo zina viwanja. Huko Kisantu, Bruder Justin Gillet, Mjesuiti aliyefika Kongo mwaka 1893, alianzisha bustani kubwa ya mimea iliyokuwa mashuhuri mbali. Hatuhitaji kufanya makubwa hivyo. Lakini je, kandokando ya kanisa hapawezi kupatikana matuta machache kwa ajili ya wajane, kwa wakimbizi, kwa kijana aliyetoka gerezani na asiye na mahali pa kuweka mikono yake? Wapewe matuta, na wahakikishiwe kwamba hawatanyang'anywa kabla ya kuvuna. Padri Lemire alituonyesha kwamba neno hilo la pili ni kubwa kama la kwanza.

Neno moja la tahadhari. Mtu akisikia sauti zisizokuwapo, akikataa kula siku nyingi, au akisema kwamba anataka kufa, msimpe jembe tu na kumwacha. Msimfunge kamba, wala msimzungushe kutoka kwa mwombezi mmoja hata mwingine huku ugonjwa ukizidi. Mpelekeni kwa waganga wenye elimu hiyo. Mabruda wa Upendo, walioanzishwa na Padri Triest mjini Gent mwaka 1807, wamewatunza wagonjwa wa akili muda mrefu, nao ndio waliofungua kituo cha SOSAME huko Bukavu. Bustani ni rafiki wa dawa. Haichukui mahali pake. Na mgonjwa akirudi kutoka hospitalini, hapo ndipo kazi yetu inapoanza. Asirudi kukaa pembeni kama chombo kilichovunjika. Kama watu wa Geel, tumpe nafasi mezani, na tuta moja lililo lake.

Wengi hutembelea wenye huzuni wakiwa na maneno mengi, nao huondoka wakiwa wamewachosha. Mkienda safari hii, punguzeni maneno. Chukueni mbegu kidogo katika karatasi. Mkae naye chini, mchimbe pamoja, mwagilie pamoja, kisha mwagane naye kwa kusema mtarudi wiki ijayo kuona kama zimeota. Na msiache kurudi.